Mbwaa, Manda na Mipaka ya Fasihi ya Kiswahili

Upo msimamo uliokita mizizi katika idara za Kiswahili kwamba masimulizi ya Wameru na Waembu ni mali ya wanaanthropolojia, na kwamba mhakiki wa Kiswahili anayeyagusa amevuka mpaka wa taaluma yake. Msimamo huu hauna mashiko.

Na yatazamwe maandishi yaliyopo. Bernardo Bernardi alichapisha utafiti wake juu ya Mugwe mwaka 1959, H. S. K. Mwaniki, historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973. Jeffrey Fadiman, masimulizi ya Wameru mwaka 1993. Ciarunji Chesaina, fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere mwaka 1997. Vitabu vyote vinne ni vya Kiingereza. Kazi ya kuyafikisha masimulizi hayo kwa msomaji wa Kiswahili ilizisubiri idara za Kiswahili, nazo zikawa na shughuli nyingine.

Watetezi wa mpaka hujibu kwamba chimbuko la Kiswahili ni pwani, na fasihi yake sharti ilifuate chimbuko hilo. Iwe hivyo. Lakini Wameru wenyewe husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa walikotumikishwa na Nguu Ntune, wale wa nguo nyekundu, kabla ya kuvuka maji na kuelekea Mlima Kenya. Fadiman alikihusisha kisiwa hicho na Manda, jirani ya Lamu. Wanahistoria na waendelee kubishana juu ya ulinganisho huo. Swali la mhakiki ni jingine. Jamii ya mlimani inapoiweka pwani mwanzoni mwa masimulizi yake, na tena kama mahali pa utumwa, inaitazama pwani kutoka chini. Mwanafunzi anayefundishwa fahari ya Pate iliyoporomoka katika Al-Inkishafi, asisikie kamwe habari za Mbwaa, amesikilizishwa upande mmoja wa shauri.

Isitoshe, mpaka wenyewe ulikwisha kuvukwa. H. E. Lambert, mtawala wa kikoloni aliyejishughulisha na Njuri Ncheke huko Meru katika miaka ya 1930 (kwa nia za kiutawala, hilo lisisahauliwe), ndiye yule yule aliyechapisha uchunguzi wa lahaja za Chi-Jomvu na Chi-Chifundi mwaka 1958.

Matokeo ya woga huu yamo katika tasnifu za uzamili. Aghalabu huteuliwa riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kumi, ikapachikwa nadharia kutoka Ulaya, na hitimisho likawa lile lililojulikana tangu pendekezo. Hayo hutendeka ilhali Chuka na Embu zina vyuo vikuu vilivyopewa hati mwaka 2013 na 2016, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, penye makao ya Njuri Ncheke.

Tasnifu ya fasihi simulizi kutoka eneo hili isipitishwe bila matini asilia ya Kimeru, Kiembu au Kimbeere, tafsiri ya Kiswahili kando yake, na maelezo ya maneno yaliyokataa kutafsirika. Msimamizi asiyeijua lugha ya matini na aketi na mzee anayeijua, hata kama mzee huyo hana shahada.