Watu wa Kukumbukwa: Willem Drees na Fedha za Uzeeni

Katika nchi ya Uholanzi palikuwa na usemi uliozoeleka miongoni mwa wazee. Mtu alipotimiza umri wa miaka 65 na kuanza kulipwa fedha za uzeeni, hakusema kwamba anapata pensheni. Alisema kwamba anapokea kwa Drees. Huyo Drees hakuwa tajiri wala mwenye benki, na fedha hizo hazikutoka mfukoni mwake. Alikuwa mwanasiasa. Nimeona vema niwasimulie habari zake, maana swali la nani atamlisha mzee baada ya nguvu kumwishia linaihusu kila nyumba, na nyumba ya askari hasa, kwa kuwa askari huvua sare mapema, mara nyingi angali na watoto wa kusomesha.

Willem Drees alizaliwa mjini Amsterdam tarehe 5 Julai 1886. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka mitano tu. Alisoma mambo ya biashara, akafanya kazi benki kwa muda mfupi, kisha kuanzia mwaka 1907 hadi 1919 akawa mwandishi wa hati mkato katika Bunge. Kazi yake ilikuwa kukaa kimya na kunakili kila neno lililotamkwa na wakubwa. Mimi naamini kwamba hakuna shule ya siasa iliyo bora kuliko hiyo, na ingefaa wanasiasa wengi wapitishwe humo kabla ya kupewa kipaza sauti.

Alikuwa msoshalisti tangu ujana wake. Mwaka 1913 aliingia katika halmashauri ya mji wa The Hague, na mwaka 1919 akakabidhiwa idara ya ustawi wa jamii ya mji huo. Hapo ndipo alipoonana ana kwa ana na umaskini wa uzeeni. Mzee asiye na akiba alitegemea watoto wake, au kanisa, au fungu la maskini la halmashauri, na kwa kila senti ilimpasa ajieleze mbele ya watu waliokuja kuchungulia hata chungu chake jikoni. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake miaka 50 alimaliza siku zake akiomba.

Mwaka 1933 Drees alichaguliwa kuwa mbunge. Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwezi Mei 1940, maisha yaligeuka. Mnamo Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Waholanzi wengine mashuhuri, akapelekwa mateka katika kambi ya Buchenwald, akakaa huko mwaka mzima. Alipoachiliwa aliendelea kushiriki katika kamati za siri zilizopanga namna nchi itakavyoongozwa baada ya vita.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa Waziri wa Ustawi wa Jamii. Nchi ilikuwa imeharibika, na hazina haikuwa na kitu cha kujivunia. Hata hivyo mwaka 1947 alipitisha sheria ya dharura iliyowapa wazee wa kipato kidogo, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, malipo kutoka serikalini pasipo wao kuchangia kwanza. Kwa wazee wengi ilikuwa mara ya kwanza kupokea fedha bila kumnyenyekea mtu. Toka hapo wakaanza kumwita Baba Drees.

Mwezi Agosti 1948 akawa Waziri Mkuu, na akadumu katika cheo hicho hadi Desemba 1958. Aliendelea kuishi na mkewe Catharina katika nyumba ya kawaida The Hague, na hakunywa pombe. Waholanzi hupenda kusimulia kwamba wajumbe wa Marekani walimtembelea nyumbani kuzungumzia msaada, mama mwenye nyumba akawaandalia chai na biskuti moja moja, nao wakaondoka wakisema kwamba watu hawa wanaweza kuaminiwa na fedha. Hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha, lakini inaonyesha jinsi wananchi wake walivyomwona.

Sasa niseme jambo ambalo askari hawezi kuliruka. Serikali hiyohiyo ya watu wenye kubana matumizi ilipigana vita nchini Indonesia, ambayo ilikwisha jitangazia uhuru tarehe 17 Agosti 1945. Katika mashambulizi makubwa ya mwaka 1947 Drees alikuwa waziri. Katika yale ya Desemba 1948, mji wa Yogyakarta ulipotekwa na Sukarno kukamatwa, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Vijana zaidi ya 100,000 waliandikishwa kwa nguvu ya sheria na kupelekwa huko, na wengine hawakurudi. Waindonesia waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao. Umoja wa Mataifa ulipinga, Marekani nayo ikatishia kuzuia msaada wake, na tarehe 27 Desemba 1949 Uholanzi ikakabidhi madaraka. Mwaka 2022 Waziri Mkuu wa Uholanzi wa wakati huo aliwaomba radhi Waindonesia baada ya uchunguzi mrefu kuthibitisha kwamba majeshi yake yalitumia ukatili uliopindukia. Mikono iliyowatendea wema wazee ndiyo iliyoidhinisha hayo, na sioni njia ya kuitenga mmoja na mwingine.

Sheria kamili ya fedha za uzeeni ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1957. Chini yake wafanyao kazi leo huchangia kwa ajili ya wazee wa leo, nao watachangiwa na watakaofuata. Waziri mstaafu na mfagiaji wa barabara hulipwa kwa kipimo kimoja. Waziri aliyeipeleka Bungeni alikuwa Suurhoff, wala si Drees, lakini wazee hawakubadili usemi wao. Pole kwa Bwana Suurhoff.

Drees mwenyewe hakulegea. Mwaka 1971, akiwa na miaka 84, alikihama chama chake alichokishiriki kukijenga, akiona kwamba kimejaa tamaa ya kutumia bila kuhesabu. Alifariki tarehe 14 Mei 1988, akiwa na umri wa miaka 101.

Kina mama wataniuliza habari zao. Ile sheria ya mwaka 1957 ilimpa mume aliyeoa malipo yake na ya mkewe kwa pamoja, yakipita mikononi mwa mume. Hadi mwaka 1985 ndipo mke alipopata haki ya kulipwa fungu lake mwenyewe. Wakati huo Drees alikuwa na miaka 98. Catharina, aliyeishi naye katika ndoa kwa zaidi ya miaka 60, alikwisha fariki mwaka 1974.