Kipimo cha Figo Kianzie Karibu na Mgonjwa

Kijana mkulima wa Ushetu aliyepatwa na shinikizo la damu kabla ya kutimiza miaka 30, na mvuvi wa Ukerewe anayemeza dawa za aina tatu bila ya kupata nafuu, huenda wanasumbuliwa na jambo moja: kusinyaa kwa mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Figo ikipungukiwa na damu huuamrisha mwili upandishe shinikizo. Dakta Harry Goldblatt wa Marekani alilithibitisha jambo hilo mwaka 1934, alipobana mishipa ya figo za mbwa.

Hatusemi kwamba kila mwenye shinikizo la damu apelekwe kwenye mashine, kwani walio wengi hawana kasoro hiyo. Tunasema kwamba wale wachache wenye dalili hizo wasicheleweshwe.

Kipimo cha kuanzia ni altrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu ndani ya mshipa. Haina mionzi wala sindano, lakini ubora wake hutegemea sana mkono na jicho la anayepima. Kipimo cha CT huuonyesha mshipa waziwazi zaidi, ila dawa inayodungwa ili mshipa uonekane yaweza kuidhuru figo iliyokwisha kudhoofika. Kupitisha mrija ndani ya mshipa na kuupiga picha ni kazi ya hospitali kubwa.

Wala picha si tiba. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2009 na Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ambao mishipa yao imezibwa na mafuta, kuuzibua mshipa hakukuwashinda wanaotumia dawa peke yake. Lakini kwa baadhi ya vijana, hasa wanawake, ambao ukuta wa mshipa wenyewe ndio wenye kasoro, kuutanua kwaweza kushusha shinikizo kabisa.

Bugando imekuwa ikiwahudumia wananchi wa Kanda ya Ziwa tangu 1971, lakini haifai iwe mlango wa kwanza. Wa Ushetu husafiri mbali kuifikia Mwanza. Wa kisiwani huvuka ziwa kwanza. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wanaopanga bajeti za afya wasihesabu mashine tu, bali pia watu waliofundishwa kupima kwa Dopla katika hospitali za wilaya. Mashine isiyo na mtaalamu ni samani. Nanyi wananchi, pimeni shinikizo la damu mapema. Safari yote huanzia hapo.