Gemu ya Bilioni 3 Ambayo Hakuna Anayeicheza

Julai 2021 kuna mtu alinunua kaseti moja ya Super Mario 64 kwenye mnada huko Marekani kwa dola milioni 1.56. Kwa hela yetu ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kitanzania. Jina lake halikutajwa. Mwezi uliofuata mwingine, naye hakutajwa, akaweka dola milioni 2 kwa Super Mario Bros. ya enzi za Nintendo ya kwanza.

Wanaowatetea wanasema hawa jamaa wanalinda historia ya gemu. Jamani, tusidanganyane. Wanalinda hela yao.

Kwanza, Super Mario 64 sio adimu. Iliuzwa karibu kopi milioni 12, hakuna gemu ya Nintendo 64 iliyouza kuizidi. Hata leo unaweza kuicheza kwenye Switch bila presha. Kwa hiyo kilichofika dola milioni 1.56 sio gemu, ni nailoni. Nailoni ya kiwandani ambayo haijaguswa, imepewa alama 9.8 kati ya 10, halafu ikafungiwa ndani ya boksi la plastiki ngumu.

Halafu kuna kichekesho. Siku mbili kabla ya mnada huo, Zelda ya kwanza kabisa iliuzwa pale pale kwa dola 870,000, nayo ikiwa kwenye nailoni yake. Kaseti za Zelda ile zina kibetri kidogo ndani cha kutunza ulipofikia. Betri hazijui mnada, zinakufa tu. Je, kile bado kizima? Hakuna anayejua, maana ukichana nailoni ujue umeua bei. Hebu niambie, huo ni uhifadhi gani ambao hauruhusiwi hata kukagua kama kitu bado kinafanya kazi?

Najua kuna mtu atasema, hela ni yake, wivu wa nini? Sawa, hela ni yake. Na ni kweli bei zikipanda watu wanaacha kutupa makaseti yao ya zamani jalalani. Ila shida yangu ni sifa. Sifa tunawapa wasiostahili, na wanaostahili tunawaita maharamia.

Angalia hali halisi. Mwaka 2023, Video Game History Foundation ya Marekani walitoa utafiti: kati ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, asilimia 87 huzipati tena sokoni. Hazijawekwa kwenye duka lolote la leo. Mwaka huo huo, Machi, Nintendo wakafunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U. Gemu zilizokuwa zinauzwa humo tu, bila kaseti wala diski, kama hukuwahi ndio basi tena.

Wanaoziokoa ni akina nani? Ni wale jamaa wanaofungua kaseti, wananyonya data iliyomo, wanaskani vitabu vya maelekezo, wanabadilisha betri, wanaandika programu za kuigiza mashine ya zamani kwenye kompyuta ya leo. Wengi hawalipwi hata senti. Na sheria haiko upande wao. Oktoba 2024 mamlaka ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwape watafiti gemu za zamani wakiwa mbali. Chama cha makampuni ya gemu kilipinga ombi hilo. Maana yake mtafiti apande ndege, aende akakae kwenye jengo, acheze humo humo.

Sasa usidhani hii ni stori ya Wazungu tu. Kumbuka zile gemu za Java tulizokuwa tunarushiana kwa bluetooth, simu mbili zimelaliana mezani dakika tano nzima. Zile ndizo gemu za kizazi chetu, sio Nintendo. Nyingi zilitengenezwa kwa kioo cha aina fulani ya simu, zikauzwa kwa meseji au kwenye kurasa za mitandao ya simu ambazo leo hazipo. Hakuna mnada utakaozigusa kwa sababu hazina nailoni wala boksi. Pengine kopi iliyobaki iko kwenye memori kadi ndani ya droo ya bi mkubwa, karibu na chaja isiyofanya kazi.

Ndiyo maana mimi heshima yangu simpi tajiri wa bilioni 3. Nampa fundi wa simu ambaye bado ana kompyuta yenye folda la gemu za mwaka 2008, na yule dogo anayezichezesha kwenye Android yake kwa programu ya kuigiza Java. Kitu kinachochezwa ndicho kinachoishi. Kisichochezwa ni pambo, hata kikiwa na bei ya ghorofa.

Kwa hiyo kabla hujampa fundi simu yako mbovu kama spea, chomoa memori kadi, hamisha faili zake sehemu salama. Dakika kumi tu.

Haya, shusha maoni hapo chini: gemu gani ya Java ulikuwa huiachi, na bado unayo au imepotea na simu?