Barua ya wazi kwa Gavana wa Taita Taveta: Ethi ipimwe kabla ya leseni ya dobi

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu mashine za kukaushia nguo, zile ambazo mteja anatumbukiza sarafu, anabonyeza kitufe na kungoja. Dobi la mashine linaenea mijini Kenya, na Voi ina kila sababu ya kulipokea: abiria wa treni ya SGR, madereva wa malori, gesti, wanafunzi, na vumbi jekundu linalorudi kwenye shuka kabla halijakauka. Kule Wundanyi ukungu ukikaa, nguo hunuka uvundo zikiwa bado kambani. Sipingi biashara hii. Naomba tu isipewe leseni kabla fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hajapima ethi ya jengo na kuandika alichopata.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Waya wa ethi hupeleka umeme uliovuja ardhini kupitia fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya ukuta. Udongo wenye unyevu huupokea vizuri. Udongo wa Voi, ukishakauka tangu Juni hadi mvua za vuli, unaukataa. Tuseme ethi ya duka fulani ina ukinzani wa omu 200. Waya wa moto ukigusa bodi ya mashine, umeme utakaopita ardhini ni volti 240 kugawanya kwa 200, yaani amperi 1.2 tu. Fyuzi ya amperi 13 haitaungua. Mashine itaendelea kuzunguka na taa zitawaka, huku bodi ya chuma ikiwa na karibu volti zote 240. Mwenye duka hataona dalili yoyote. Wa kwanza kujua atakuwa mama anayeshika mlango wa mashine kwa mkono uliolowa, amesimama peku kwenye sakafu yenye maji.

Kinachomwokoa mama huyo ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata stima mara kinapohisi miliamperi 30 zimepotea njiani. Hicho hufanya kazi hata ethi ikiwa dhaifu kiasi hicho. Kiwe sharti, si hiari.

Halafu kuna mashine za mitumba. Nyingi zinazotoka Ulaya bara huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na ethi yake imo ubavuni mwa plagi. Nimeona mara nyingi jinsi plagi hizo zinavyochomekwa kwenye soketi zetu za pini tatu: kalamu inasukumwa kwenye tundu la juu ili mengine mawili yafunguke, kisha pini zinalazimishwa. Mashine inawaka, kila mtu anafurahi, na ethi haijaunganishwa popote. Baadhi ya zinazotoka Marekani ni mbaya zaidi, kwa kuwa bodi imeungwa kiwandani na waya wa nyutro. Fundi akikosea, akabadilisha nyutro na moto, bodi nzima inakuwa moto papo hapo.

Hata mashine ndogo ya kilowati 3 hula amperi 12.5. Ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida kutwa nzima, plagi itageuka kahawia. Ipewe waya wake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, na swichi yake ukutani.

Wako watakaosema stima ni kazi ya Kenya Power na EPRA. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti leseni za biashara, zimamoto, na hata usambazaji wa umeme na udhibiti wa nishati. Cheti kilichotolewa jengo lilipounganishiwa stima hakijui kwamba chumba kilichokuwa stoo ya mahindi sasa kina mashine nne za joto. Anayeweza kujua ni afisa wako anayekuja kukagua kibali cha biashara.

Kipimo kifanywe Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa, maana cha Novemba baada ya mvua kitatudanganya. Karatasi yenye idadi ya omu, tarehe na namba ya leseni ya fundi ibandikwe ukutani, mahali mteja ataisoma.

Wako,
Mkazi wa Sofia, Voi