Mambo ya Nyumbani: Pindo la Inchi Nne

Mvua ya Kakamega haina huruma kwa mtu aliyefua nguo. Asubuhi jua hung'aa, mama akaanika sare za watoto. Lakini ifikapo saa tisa mchana wingu limekwisha kujikusanya upande wa msituni, na kabla ya saa kumi maji yanamwagika. Mtoto mwenye sare moja tu huenda shuleni kesho yake akiwa na nguo mbichi mgongoni, ama hubaki nyumbani kungoja ikauke. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi tangu Lurambi mpaka Shinyalu, habari ya nguo za watoto si habari ya mapambo. Ni habari ya shule.

Mwezi wa Januari 2003 Serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi, na watoto wakamiminika madarasani hata wengine wakakosa pa kukaa. Lakini sare iliachwa mikononi mwa wazazi. Mwaka huo huo wataalamu watatu wa uchumi, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walianza uchunguzi katika shule 328 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bila malipo, na waliodumu shuleni wakapewa ya pili baada ya mwaka mmoja na nusu. Katika shule nyingine hawakupewa. Watoto hao walifuatwa kwa miaka saba.

Matokeo yake yafaa kusomwa polepole. Baada ya miaka mitatu, mahali ambapo hapakutolewa kitu, wasichana wapatao 19 katika kila 100 walikuwa wameacha shule. Mahali palipotolewa sare peke yake, walikuwa kama 16. Waliopata mimba walipungua kutoka kama 16 katika kila 100 hadi 13. Hawa watatu katika mia hawakuokolewa kwa hotuba. Walipewa nguo tu.

Si kila mzazi atakayepata mfadhili wa kumvika mtoto wake. Hata hivyo nguo moja, ikishonwa kwa akili, yaweza kufanya kazi ya nguo mbili, na jambo hilo liko katika uwezo wa mama mwenye sindano, uzi na subira.

Mfano wake ni nyumba moja isiyo mbali na mji. Baba ni karani. Mama hulima mahindi na maharagwe na kufuga kuku. Watoto ni watatu: msichana wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila akionacho hukitia kinywani. Mwezi wa Januari baba alinunua gauni la shule dukani, nalo lilimkaa binti sawasawa, likasifiwa na jirani. Ilipofika Septemba gauni limepanda juu ya magoti. Mwalimu hakusema neno. Wenzake ndio waliosema. Basi binti akaanza kuumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, na tumbo hilo likawa linapona mara tu kengele ya shule ikiisha kulia. Mama alimpa maji ya moto, akamkanda, hata siku moja akamwona amesimama peke yake nyuma ya jiko, akilivuta gauni kwenda chini kwa mikono miwili.

Usiku ule mama aliligeuza gauni nje ndani na kulitazama pindo lake. Lilikuwa nusu inchi. Hapakuwa na kitu cha kufumua.

Alipotaja habari ya cherehani, mumewe alicheka. "Mama watoto, maduka yamejaa nguo. Ya nini kuweka chuma nyumbani?" Mama hakubishana. Alilitandaza gauni juu ya meza, akasema, "Baba watoto, wewe ni mtu wa hesabu. Pima pindo hili." Karani akaleta rula yake, akapima, akanyamaza. Kisha akatwaa kalamu akaandika bei ya sare tatu kwa mwaka, akazidisha kwa miaka minane. Hesabu hiyo aliifanya mara mbili, kwa maana mara ya kwanza hakuiamini. Cherehani ilipatikana kwa zamu ya mama katika chama chake cha kuchangiana. Ilikuwa ya kanyagio, imekwisha tumika, lakini inakwenda. Kununua mashine hizi kidogo kidogo ni desturi ya zamani sana: kampuni ya Singer huko Marekani ilianza kuziuza kwa malipo ya mafungu mwaka 1856, na wanunuzi waliokuwa hawamudu bei nzima wakazipata.

Tena ushonaji si mgeni katika nchi hii. Nguo za viwandani ziliingia kwa mlango wa Mumias, pamoja na misafara ya pwani iliyoleta amerikani katika siku ambapo jora la kitambaa lilikuwa fedha, hata kabla Joseph Thomson hajafika huko mwaka 1883. Baadaye misheni, kama ile ya Marafiki iliyofunguliwa Kaimosi mwaka 1902, zilifundisha wasichana sindano pamoja na kusoma. Makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920. Na chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vilabu vyake vilifundisha kushona, kupika na kutunza watoto wachanga, na viongozi wake walipata mafunzo katika Jeanes School ya Kabete. Wako waliosema kwamba masomo hayo yalikuwa madogo mno, ya kumweka mwanamke jikoni. Neno hilo lina haki yake, kwa kuwa mwanamke alihitaji pia kujua hesabu, sheria na kilimo. Lakini aliyesema kushona ni jambo dogo labda hakupata kununua sare tatu kwa mkupuo mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Kitambaa cha pamba kikiisha kununuliwa, kisikatwe siku ile. Kilowekwe katika maji usiku kucha, kianikwe, kipigwe pasi. Kwa maana pamba hunywea, na gauni lililokatwa katika kitambaa kisichowahi kuoshwa hupungua baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mama akamlaumu mtoto kwa kukua haraka. Mtoto apimwe akiwa amesimama wima, tena ameshiba, si kabla ya chakula.

Mtoto wa miaka sita hadi kumi hurefuka inchi mbili kwa mwaka, au kupita kidogo. Kwa hiyo pindo la inchi nne ni akiba ya karibu miaka miwili. Lipigwe bandi kwanza, kisha lishonwe kwa mkono, kwa mishono mirefu, wala si kwa mashine; pindo la mkono hufumuliwa katika robo saa, na la mashine huacha matundu. Wengine hupenda kukunja sehemu ya pindo hilo upande wa ndani, juu kidogo ya ukingo, lisionekane kuwa nene. Pande za gauni ziachiwe inchi moja nje ya mshono, kila upande, maana mtoto hakui kwenda juu tu. Kola na mabega ndiyo mahali pagumu: humo hamna pa kuweka akiba nyingi, basi yafaa kuyakata kwa nafasi tangu mwanzo, na kutia marinda mawili mgongoni yanayoweza kufunguliwa.

Kaptura ya mvulana ina shida nyingine. Yeye haimalizi kwa kukua, huimaliza kwa kukaa. Mshono wa nyuma uachiwe inchi moja na nusu, na makalio yashonewe kitambaa cha pili kwa ndani kabla kaptura haijavaliwa hata siku moja. Kiraka kilichotangulia tundu hakionekani. Kilicholifuata tundu huonekana na kila mtu.

Pindo pana lina hasara yake, na haifai kuificha. Hushika maji. Katika mji wenye mvua ya mchana, gauni litakauka kiunoni na kubaki bichi magotini. Dawa yake ni kulianika kichwa chini, pindo likielekea juu na kutanuliwa kwa vibanio, ili upepo uingie. Na usiku wa mvua kulipitishia pasi ya moto kwa ndani. Mama mwenye gauni la pili katika sanduku hana haja ya hayo yote, lakini ndiyo kwanza twazungumza habari za nyumba yenye gauni moja.

Kitambaa nacho si lazima kiwe kipya. Tangu soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba imejaa sokoni, na viwanda kadhaa vya nguo nchini, kama KICOMI cha Kisumu, vilifungwa. Jambo hilo lilileta majonzi kwa waliofanya kazi humo na kwa wakulima wa pamba. Hata hivyo shati jeupe la mtu mzima mnene, lililochakaa kola tu, lina kitambaa cha kutosha shati la mtoto wa miaka sita. Mwili wa nyuma hutoa nyuma. Pande za mbele hukatwa pamoja na vifungo vyake na matundu yake, ikawa kazi iliyo ngumu kuliko zote imekwisha kufanywa na mtu mwingine. Mikono hukatwa toka chini, si toka juu.

Ama mtoto mdogo, huyo ndiye msimamizi mkali wa kazi. Cherehani ya kanyagio humvuta kama sukari ivutavyo sisimizi. Kila mama anapoinuka kwenda kutazama sufuria, hata kama ni kwa dakika moja, autoe mkanda katika gurudumu. Mtoto atakanyaga apendavyo na sindano haitashuka. Sindano zihesabiwe zinapotolewa na zinapowekwa: zikitoka tano, zirudi tano, zichomwe katika kipande cha blanketi. Sindano ikivunjika, vipande vyote vitafutwe na kuunganishwa juu ya meza mpaka ionekane nzima, ndipo vitupwe. Na vifungo viwe katika kopo lenye kifuniko, juu, pasipofikiwa.

Kifungo kikimkaba mtoto naye hawezi kulia wala kukohoa, asitiwe kidole kooni ovyo, maana kidole hukisukuma ndani. Aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha hugeuzwa na kusukumwa kifuani kwa vidole viwili mara tano. Aliyepita mwaka hupigwa vivyo hivyo mgongoni, kisha huminywa tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na kwenda juu, mara tano. Hivi hufanywa kwa zamu mpaka kitu kitoke, huku mtu mwingine akiita msaada.

Katika nyumba ile ya karani, wakati wa kushona uliokubalika ni baada ya chakula cha jioni, mdogo akiisha kulala. Baba ndiye ambebaye akiamka. Jambo hili halikuandikwa katika hesabu yake ya kwanza, lakini amelizoea.

Gauni jipya lilivaliwa Januari. Mwaka uliofuata mama alilifumua pindo, inchi mbili, na gauni likashuka hadi mahali pake. Ndipo ikatokea shida ambayo hakuitazamia: palipokuwa na ukingo wa zamani pakabaki mstari, samawati iliyokolea chini na iliyopauka juu, mfano wa alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Binti alisimama mbele ya kioo. "Mama, watajua tumefumua."

Mama angeweza kumwambia kwamba watoto wengine hawana hata hiyo ya kufumua. Maneno hayo ni ya kweli, na hayajapata kumsaidia mtoto yeyote wa miaka kumi. Badala yake alitafuta upapi mweupe, wa rangi ile ile ya kola ya sare, ili mwalimu asipate la kukataza. Akaushona juu ya mstari kuzunguka gauni lote. Kisha akaushona pia kwenye ncha za mikono, mahali ambapo hapakuwa na mstari wowote, ili ionekane kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Jumatatu binti aliamka mapema wala tumbo halikuuma. Jioni alirudi na wasichana wawili wa darasa lake, wakasimama mlangoni wakisukumana, mpaka mmoja akapata ujasiri wa kusema. "Shikamoo, mama. Tumekuja kuuliza kama na sisi unaweza kututilia mistari."

Mama alizitazama nguo zao. Yule mrefu, gauni lake lilikuwa juu ya magoti. Akamwambia aingie ndani, akaligeuza pindo kwa vidole viwili, akalipima.