Klachi ya Feni: Kabla Hujanunua Nyengine

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuandikia kwamba gari la baba yake, forwili ya dizeli, limeanza kuchemsha kila lipandapo mlima, na fundi amemshauri aikomee klachi ya feni kwa bolti ili feni izunguke daima pamoja na injini, kwa kuwa klachi mpya ni ghali na kukomea ni kazi ya nusu saa tu. Yeye auliza: je, akubali shauri hilo, au anunue klachi nyengine? Na kama ni kununua, achague vipi, hali ya kuwa dukani ziko za namna nyingi, na bei zao zapishana sana?

Nimelipokea swali hili kwa hamu, kwani mimi mwenyewe nimekwisha kulilipia. Tulikuwa twasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda arusini Iringa, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu ambaye umri umekwenda. Gari letu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimebadilisha klachi ya feni, na ile mpya niliinunua kwa kuitazama kwa macho na kwa kupendezwa na bei yake. Njia yote ya tambarare, Morogoro hata Ruaha Mbuyuni, mshale wa joto ulitulia katikati. Tulipoanza kuupanda mlima Kitonga, nyuma ya malori mawili yaliyokuwa yakitambaa kama kobe, mshale ukaanza kunyanyuka. Nikazima kiyoyozi, nikafungua hita yote ili joto litoke kwa njia ya ndani, tukatoka jasho sote hata watoto wakalia. Lakini mshale haukushuka. Nikaegesha. Mama akatandikiwa mkeka kivulini, na maji tuliyoyachukua kwa ajili ya kunywa na udhu tukayaweka tayari kwa rejeta. Tulingoja zaidi ya saa nzima kabla ya kugusa kifuniko chake, kwani mwenye kukifungua kikiwa cha moto hujimwagia mwenyewe maji yachemkayo usoni.

Tulifika Iringa usiku, polepole, alhamdulillahi. Asubuhi fundi mmoja mtu mzima aliikamata feni kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na ingali na vuguvugu la kuletwa hapo, akaisukuma. Ikazunguka, ikazunguka, kama kile kishada cha karatasi wanachokimbia nacho watoto. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii imekufa tangu dukani."

Ili tufahamu alichokiona mzee yule, yatupasa kwanza tujue chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Feni ya gari la namna hii haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti ya pampu ya maji. Baina yao pana kidude cha duara, cha aluminiamu, chenye mapezi ya kupozea: hicho ndicho klachi. Ndani yake mna sahani yenye mifereji, ambayo huzunguka pamoja na shafti. Na nje yake mna kasha ambalo ndilo lililobeba mapanga ya feni. Sahani haigusani na kasha. Kinachoviunganisha ni mafuta ya silikoni, mazito kama asali, yaliyojaa katika ule upenyo mwembamba ulio kati ya mifereji. Mafuta yakiwapo hapo, sahani huliburura kasha nalo likafuata. Yasipokuwapo, sahani huzunguka peke yake na feni ikabaki kuyumbayumba.

Na nani ayaamrishaye mafuta kuja na kuondoka? Mbele kabisa ya klachi, mkabala na rejeta, utaona springi iliyokunjwa kama ubani wa mbu. Hiyo imefanywa kwa madini mawili yaliyogandamanishwa, kila moja hutanuka kwa kiasi chake likipata joto, na kwa hiyo springi hujisokota. Upepo wa moto utokao katika rejeta ukiipiga, springi hugeuza kijilango kidogo kilicho ndani, na mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa katika chumba cha mbele hukimbilia kwenye mifereji. Upepo ukipoa, kijilango hufungwa, na mafuta husukumwa kurudi chumbani mwake. Hapana waya, hapana kompyuta. Ni werevu wa ajabu kwa kitu kisichozidi bakuli la uji. Ziko gari ambazo kijilango hicho huamrishwa kwa umeme, mathalan Land Rover Discovery 3 iliyotoka mwaka 2004. Hizo zataka klachi yake yenyewe yenye waya, wala usidanganywe na yeyote kwamba ile ya springi itafaa pahala pake.

Na kabla ya hayo yote, tazama kama gari lako lina klachi kabisa. RAV4, na ndugu zake ambazo injini yao imelala upande kwa upande, zina feni za umeme tu, na kijana wa dukani aliye na haraka anaweza kukuuzia kitu usichokuwa na pa kukifunga.

Sasa dalili. Klachi iliyokufa kwa kulegea hujulikana kwa mshale kupanda katika foleni na milimani, kisha kushuka gari likipata mwendo wa kasi, kwa sababu upepo wa njia huifanya kazi ambayo feni imeshindwa. Iliyokufa kwa kukamatana hunguruma wakati wote kama lori, na mafuta ya dizeli yakaisha upesi. Tazama pia kama pana michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi kutoka katikati kwenda nje: silikoni imevuja. Shika ncha za mapanga uyatikise mbele na nyuma. Yakicheza sana, beringi imekwisha, na siku moja feni itaingia ndani ya rejeta. Kisha fanya jaribio la mzee wangu wa Iringa: injini imezimwa nayo ni ya moto, sukuma feni kwa mkono. Nzima hukataa, huenda kidogo kwa uzito ikasimama. Mbovu huzunguka mara tatu au zaidi kwa raha zake. Lakini asubuhi, mara tu baada ya kuwasha, ukisikia mngurumo wa dakika moja kisha ukanyamaza, hilo si kosa. Mafuta yalitulia katika mifereji usiku kucha, na sasa yanarudi chumbani.

Hata hivyo, usiihukumu klachi kabla hujamtazama jirani yake. Rejeta iliyozibwa kwa tope na mbegu za nyasi haipitishi upepo, na upepo usipopita, springi haipati joto, na klachi nzima kabisa ikakaa bila kufanya kazi. Themostati nayo itazamwe. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Na liko lile kava la plastiki liizungukalo feni, ambalo mafundi wetu wengi hulitoa ili mikono yao ipate nafasi, kisha halirudi tena. Bila kava hilo feni huvuta upepo wa pembeni, yaani huo huo wa moto wa injini, badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Nimeona gari zaidi ya tatu zilizobadilishwa klachi bure, hali ya kuwa kava limegeuzwa chombo cha kulishia kuku nyuma ya gereji.

Ama kuchagua. Jambo la kwanza ni namba, wala si sura. Nenda dukani na namba ya chesesi na jina la injini, na kama yawezekana, klachi ya zamani mkononi. Gari la jina moja na la mwaka mmoja huwa na klachi mbalimbali kwa dizeli na kwa petroli. Ziweke mbili juu ya meza, ubavu kwa ubavu, upime: urefu kutoka uso unaokaa kwenye puli hata uso unaobeba feni, upana wa tundu la kati, idadi ya bolti na nafasi baina yao. Yangu ilikuwa na bolti zile zile, ikaingia bila taabu, lakini ilikuwa fupi. Feni ikakaa nyuma, nusu yake nje ya kava. Ikiwa ndefu mno, khatari ni kinyume chake, mapanga kuikwaruza rejeta. Uliza pia upande wa kuzunguka. Katika gari nyingi za Kimarekani ziko klachi za kulia na za kushoto, na iliyogeuzwa haiwezi kuyarudisha mafuta chumbani inavyotakiwa.

Jambo la pili ni nguvu yake. Za kawaida, zikishika, huizungusha feni kiasi cha mizunguko 60 hadi 70 kwa kila mizunguko 100 ya shafti. Za kazi nzito hufika 80 hadi 90. Zikiachia, hubaki kwenye 20 au 30. Tambua ya kuwa hapana inayofika 100. Kuteleza ndiko maisha yake. Mwenye kuvuta tela, au anayepanda milima na mzigo kila juma, aombe ya kazi nzito. Mwenye gari la kuwapeleka watoto skuli na kurudi sokoni asiitamani, kwani atanunua kelele na kupoteza mafuta.

Tatu ni mtengenezaji. Klachi nyingi za Toyota hutoka kwa Aisin wa Japani, na ukiinunua katika sanduku la Aisin lenyewe aghlabu huwa nafuu kuliko katika sanduku la Toyota. Lakini sanduku laweza kuigizwa. Tazama namba iliyopigwa juu ya chuma, si ile ya karatasi. Tazama usafi wa springi na wa kingo. Na uulize ilikuwa imewekwa vipi stoo. Klachi hutakiwa isimame kama isimamavyo katika gari. Iliyolazwa kifudifudi miezi mingi yaweza kuvujia kwenye springi, na hicho ndicho kilichoiua yangu.

Za mtumba kutoka Japani sizikatazi, ila zina umri wa gari lililozizaa, na silikoni huchoka. Hapa pana faraja: baadhi ya klachi za Toyota hufunguka kwa skrubu na zaweza kutiwa mafuta mapya. Toyota wenyewe huyauza katika vijitubu vya mililita 18, kwa uzito wa 3000, 6000 na 10000; namba ikizidi, uzito wazidi. Ikiwa beringi ni nzima na kasha halivuji, kazi hiyo hugharimu kidogo sana kuliko klachi mpya, na kijana mwenye mikono mitulivu aweza kuifanya nyumbani.

Nakurudia sasa wewe uliyeuliza. Kukomea kwa bolti sikuafiki. Feni itapiga kelele saa zote, itakula nguvu ya injini na mafuta, itailemea beringi ya pampu ya maji, na mapanga yatazungushwa kwa kasi ambayo hayakuundiwa. Gari likiingia katika mto, feni isiyojua kuteleza huyachota maji na kupinda mbele hata ikaitoboa rejeta. Umekwama porini na fundi amekukomea ili ufike kwenu, hilo ni jambo jengine; ukifika, itoe. Lakini mwambie baba asikawie, kwani silinda hedi iliyopinda kwa joto ndiyo khasara itakayomfanya aiuze gari kwa bei ya vyuma. Na wakati wa kufunga, mtazame na hali ya pampu ya maji, kwa kuwa klachi inayoyumba huwa imekwisha kuidhuru. Yeyote asimamaye karibu na injini inayowaka na atoe shela, kilemba, au mtandio shingoni.

Mimi nilirudi kutoka Iringa kwa klachi ya mtumba aliyonitilia mzee yule mafuta mbele ya macho yangu. Niliteremka Kitonga, na baada ya miezi miwili nikaupanda tena, mama yu kiti cha mbele akiutazama mshale kuliko nilivyoutazama mimi. Ile ya bei rahisi iko nyumbani juu ya kabati, na watoto huizungusha.