Dhoruba Inayoanzia Mgongoni mwa Dunia

Kila askari hufundishwa kwamba lindo halikamiliki iwapo mgongo uko wazi. Fundisho hilo laihusu hata dunia yetu.

Dunia ni sumaku kubwa. Jua nalo hutoa daima upepo wa chembe zenye umeme, uendao kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Upepo huo huubana usumaku wa dunia upande wa mchana, na upande wa usiku huuvuta ukawa mkia mrefu upitao hata njia ya mwezi.

Mkia huo hujaa nguvu kama mpira wa manati uliovutwa. Ukizidi kuvutwa, mistari ya sumaku hukatika na kuungana upya. Sehemu moja hurudi kwa nguvu kuelekea duniani, na chembe hushuka karibu na ncha za dunia, anga ikawaka kijani na nyekundu. Hiyo ndiyo dhoruba ndogo ya sumaku.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu: je, huanzia karibu nasi au mbali mkiani? Mwaka 2007 Marekani ilirusha setilaiti tano ziitwazo THEMIS, zikapangwa angani mithili ya doria. Tarehe 26 Februari 2008 zilikuta dhoruba moja ikianzia kilomita 128,000 hivi kutoka duniani, theluthi ya njia ya kwenda mwezini. Dakika moja na nusu baadaye, anga ya kaskazini iling'aa.

Sisi wa Kampala tu karibu na Ikweta, ikatayo barabara ya Masaka pale Kayabwe. Mianga hiyo hatuioni. Lakini dhoruba kubwa ya sumaku hutikisa, hata huku kwetu, tabaka la anga linalorudisha mawimbi mafupi ya redio. Ile ya 13 Machi 1989 iliwazimia umeme watu milioni 6 huko Quebec, Kanada, kwa saa tisa.

Basi, askari wa mawasiliano, sauti ya kambi ya mbali ikififia ghafula, usiharakishe kumlaumu mwenzako wala kufungua chombo. Jaribu masafa mengine, andika saa daftarini, na uwe na njia ya pili ya kupeleka habari. Nanyi mama na watoto, baba asiposikika jioni moja, msikimbilie kulia. Huenda yu salama katika lindo lake, na kilichotikisika ni anga tu.